Mmea wa dawa unao nyumbani, sasa unakata wapi?

Watu wengi wakianza kuongelea miti dawa swali lao ni moja tu, mmea gani unatibu nini. Wanataka orodha. Mwarobaini magonjwa arobaini, mlonge magonjwa mia tatu, sijui mshubiri unasafisha damu, afu orodha ikishapatikana mtu anabeba mche anaupanda kwenye kopo na moyoni anajua kashafungua famasi yake. Mi naona hiyo orodha ndo kitu cha mwisho kukihangaikia. Cha kwanza ni sehemu gani ya mmea, imevunwa lini, na imeandaliwaje, maana mmea uleule jani lake unaweza kulitumia kila siku na mzizi wake ukakulaza hospitali.

Ukikaa ukafikiria, mmea haujatengeneza dawa kwa ajili yetu sisi. Umetengeneza uchungu ili wadudu wasiutafune, umetengeneza harufu kali ili wanaopitapita wauogope, umetengeneza utomvu wa kuziba jeraha lake wenyewe. Sisi tunadandia tu. Kwahiyo kemikali zake inaziweka pale inapozihitaji, kwenye ganda, kwenye mbegu, kwenye vijifuko vidogo vya mafuta juu ya jani, wala haizigawi sawasawa mti mzima. Angalia mlonge. Majani yake yana protini, chuma, vitamini A, unachuma unapika au unakausha unasaga poda na hamna tatizo. Ila mizizi na magome yake ni habari nyingine kabisa, kuna sumu humo na kwa mama mjamzito hayafai hata kidogo. Sasa mtu kaambiwa tu "mlonge ni mzuri", anachukua jembe anaenda kuchimba mzizi, na aliyemwambia hakumdanganya, ila hakumalizia sentensi.

Mshubiri ndo unafundisha hili jambo vizuri kuliko mmea wowote, na karibu kila mtu anao, wengi sa hivi wanauita aloe vera tu. Chukua jani la chini, la nje, lililonenepa, likate karibu na shina kwa kisu kisafi, usikimbilie kulimenya. Liangalie pale ulipokata. Utaona matone ya njano yanajitokeza pembezoni, yamejipanga kuzunguka jani chini tu ya ganda, halafu katikati pako peupe kama kioo hapana tone hata moja. Ukisubiri kidogo yale ya njano yanageuka kahawia, yananata kwenye vidole na yana harufu nzito, na ukiyagusisha ulimi uchungu wake hautoki mapema. Yaani jani moja lina vitu viwili vinavyokaa jirani, umbali wa milimita chache, na kazi zao haziingiliani kabisa. Ule ute wa katikati ndo wa ngozi, wa kuungua kidogo, wa jua, wa michubuko. Yale matone ya njano yana kitu kinaitwa aloini, ni dawa ya kuharisha tena kali, watu wa zamani sehemu nyingi za dunia waliitumia kufungua choo na kweli ilifungua, ila inasokota tumbo, inapoteza maji na potasiamu mwilini. Marekani mamlaka yao ya dawa, FDA, mwaka 2002 iliamua dawa za kufungua choo zenye huo utomvu zitoke madukani kwasababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama.

Kwahiyo ukishakata, lisimamishe jani kwenye glasi, upande uliokatwa uangalie chini, liache robo saa litiririshe ile njano yote. Halafu lioshe, katia miiba ya pembeni, menya ganda upande mmoja, kwangua ute kwa kijiko, suuza tena. Ndo upake. Na kama ni kuungua, kabla ya mshubiri, kabla ya chochote, maji ya bomba ya baridi ya kawaida yapite juu ya pale palipoungua kwa dakika 20. Sio barafu. Ute unakuja baadaye na ni kwa kidonda kidogo tu, palipoungua pakubwa au pamefanya malengelenge mengi au ni usoni, hapo nenda ukatibiwe, usipake kitu.

Sasa zile klipu za watu wanachukua jani zima na ganda lake wanatupia kwenye blenda wanakunywa asubuhi "kusafisha mwili", jamani. Hao wanakunywa aloini. Na IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, imeliweka dondoo la jani zima la mshubiri kwenye kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Haina maana mshubiri wako wa kwenye kopo ni adui. Maana yake ni sehemu ipi.

Kuulea ni rahisi mpaka unachosha. Udongo wenye mchanga mwingi, kopo lenye matundu chini, jua, basi. Mishubiri mingi naona inakufa kwa kumwagiliwa, sio kwa kiu, mtu anaona udongo umekauka juu anaogopa anamimina maji, mizizi inaoza, majani yanalegea, anadhani ni kiu anaongeza maji mengine. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili, kama unasikia unyevu huko chini achana nao. Ukistawi utakuzalia watoto pembeni, hao unawang'oa na mizizi yao, unawaacha siku mbili tatu kivulini pale palipokatika pakauke ndo unawapanda.

Haya, tuje kwenye wakati. Mimea ya harufu, mrehani, mnanaa, rozmari, kivumbasi, dawa yake iko kwenye yale mafuta yanayonukia na hayo mafuta yanapanda na kushuka. Yanakuwa mengi pale mmea unapokaribia kutoa maua, ukishachanua nguvu inahamia kwenye maua na mbegu na majani yanapungua ladha. Na kwa siku, vuna asubuhi umande ukishakauka lakini jua halijawa kali, maana mchana joto linayarusha mafuta hewani, ndo ile harufu unayoisikia ukipita karibu na bustani saa saba, inanukia vizuri ila hiyo ndo dawa yako inaondoka.

Mrehani usiuvune kwa kunyofoa majani makubwa ya chini moja moja, naona watu wengi wanafanya hivo wanabaki na kijiti chenye kishungi juu. Shika tawi, shuka nalo kutoka kwenye ncha mpaka ukute pale majani mawili yanapotazamana, kwenye kwapa za hayo majani utaona vichipukizi viwili vidogo sana vimejificha. Kata juu yao, karibu kabisa. Baada ya wiki hivi vile vichipukizi vinakuwa matawi mawili badala ya moja ulilokata, na kila ukikata yanaongezeka, na maua yanachelewa. Ukiona maua yameanza kujitokeza na hutaki mbegu, nyofoa.

Kitu kingine watu hawapendi kukisikia, mbolea nyingi inaharibu. Mrehani unaopewa samadi kila wiki unakuwa na majani mapana yanapendeza kupiga picha, ila sugua unuse, harufu iko mbali. Rozmari na taimu ndo kabisa, asili yao ni sehemu kavu zenye mawe mawe, ukizilea kwa udongo mzito na maji mengi zinakuwa laini na hazina kitu. Waache wateseke kidogo. Rozmari usihangaike na mbegu, inachelewa sana kuota, chukua kipande cha tawi cha sentimita 10 hadi 15, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu.

Mnanaa panda peke yake kwenye chombo chake. Usiuchanganye na kitu, unatambaa chini kwa chini na msimu ukiisha umeshamiliki kila kitu. Chai yake inasaidia gesi na tumbo linalosokota, na hapa utafiti upo, mafuta ya mnanaa pilipili yanalegeza misuli ya utumbo na yametumika kwa wenye tumbo linalosumbua mara kwa mara. Ila kulegeza hukohuko kunalegeza na mlango wa juu wa tumbo, kwahiyo mwenye kiungulia mnanaa unaweza ukamzidishia, na huyu ndo mara nyingi anaambiwa akunywe mnanaa. Ile baridi ya mnanaa puani nayo ina kisa kizuri, menthol, ile kemikali ya mnanaa inayoleta hiyo baridi, haipoozi kitu, inagusa tu kipokezi kwenye neva ambacho kazi yake ni kuhisi baridi, na utafiti wa vipokezi kama hivyo ndo ulimpa mwanasayansi David Julius tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Kwahiyo ukiwa na mafua unahisi pua imefunguka lakini kamasi liko palepale. Unapata nafuu, sikatai, ila ujue ni nafuu ya aina gani. Na watoto wachanga usiwapake vitu vya menthol puani wala karibu na pua, wanaweza kushindwa kupumua.

Mchaichai sina mengi, chukua bua lenye kitako chake, weka kwenye maji kidogo, badilisha maji, likitoa mizizi panda. Likiwa kichaka unagawa. Kata kwa kisu au mkasi, majani yake yanachana mikono. Ni chai nzuri ya jioni, ya gesi, ya homa ndogo. Lakini kopo la mchaichai dirishani halifukuzi mbu, nimechoka kuona hiyo habari, mafuta yamefungiwa ndani ya jani na yatabaki humo mpaka uliponde, na hata ukiliponda ni kwa muda mfupi. Tumia chandarua.

Sasa namna ya kuandaa, na hapa ndo penye makosa ya kila siku. Majani laini na maua huchemshi. Unamimina maji yaliyochemka juu yake, unafunika, unasubiri dakika 10. Kufunika sio urembo, zile tone tone zinazoganda chini ya kifuniko zimebeba mafuta ya mmea, zirudishe kwenye kikombe. Mizizi, magome, mbegu ngumu, hivyo ndo vya kuchemsha moto mdogo dakika 15, 20. Watu wanafanya kinyume, mnanaa unatokoswa mpaka nyumba nzima inanukia, halafu tangawizi inachovywa kwenye maji vuguvugu.

Tangawizi yenyewe inabadilika kulingana na unavyoifanyia. Mbichi ina gingeroli nyingi, ile kemikali inayoipa ukali wake, ukiikausha au kuipika muda mrefu sehemu ya gingeroli inageuka kuwa shogaoli ambayo ni kali zaidi, ndo maana ya unga inawasha kwa namna yake. Kwa kichefuchefu tangawizi ni moja ya dawa za asili zenye ushahidi mzuri, mpaka kwa wajawazito, kwa kiasi cha kawaida lakini, sio kikombe juu ya kikombe. Kuipanda unahitaji kipande chenye jicho, chombo kipana kuliko kirefu, kivuli cha wastani, na uvumilivu wa miezi 8 hadi 10.

Kitunguu saumu nacho, kikiwa kizima hakina ile kitu inayosifiwa. Hicho kitu kinaitwa alisini, na inatengenezwa pale unapokiponda, kuna kemikali mbili zimetenganishwa ndani ya punje na ukiivunja zinakutana. Ukikitupia kizima kwenye maji yanayochemka moto unaua kimeng'enya, moja ya hizo kemikali mbili, kabla hakijafanya kazi. Ponda, kiache dakika 10, ndo uendelee. Na usikifunge kwenye ngozi usiku kucha kutibu fangasi au jino, kinababua kweli, kuna watu wamepata vidonda vya kuungua kwa hilo.

Kisa kikubwa kuliko vyote cha hii "namna" ni cha mmea wa artemisia. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mwanasayansi mmoja, Tu Youyou, akapewa kazi ya kupekua vitabu vya tiba za zamani. Timu yake ikajaribu mimea mingi, artemisia ikawa inatoa majibu yasiyoeleweka, leo inafanya kazi kesho haifanyi. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta maelekezo yanasema chukua konzi ya mmea, loweka kwenye maji, kamua, kunywa maji yake. Kuloweka na kukamua, hakuna kuchemsha. Akajiuliza, isijekuwa moto ndo unaharibu? Akabadilisha, akatoa dawa kwa etha, kimiminika ambacho kinachemka kwenye nyuzi 35 tu, na 1971 dondoo lile likasafisha vimelea vyote kwa panya waliojaribiwa. Mwaka uliofuata artemisinini yenyewe, yaani ile kemikali ya mmea inayoua vimelea, ikapatikana, na 2015 akapewa Nobel. Mmea ulikuwepo na maandishi yalikuwepo miaka zaidi ya elfu moja na mia tano, kilichokosekana ni mtu wa kusoma mstari mmoja vizuri.

Halafu watu wanachukua kisa hichohicho kuhalalisha chai ya artemisia kutibu malaria, wakati kinasema kinyume. WHO haipendekezi hiyo chai, kwasababu kiasi cha artemisinini kinatofautiana mmea kwa mmea na maji hayaitoi vizuri, unaishia kunywa dozi isiyotosha, vimelea havifi vyote, vinavyobaki vinajifunza kuishi na dawa. Na zaidi ya hapo artemisia ziko nyingi, Artemisia annua ndo yenye artemisinini, ile Artemisia afra inayopandwa sana kwenye mabustani haina au inayo kidogo mno. Panda kwa mafua na kikohozi kama wazee walivyofanya, sawa. Homa ya malaria nenda ukapime.

Hili la majina lishike, kabla hujaweka kitu mdomoni jua jina lake la kisayansi, maana majani yanafanana. Kuna watu sehemu mbalimbali duniani wamekunywa chai ya majani ya digitalisi wakidhani ni mmea mwingine wa dawa, na digitalisi ni ileile ambayo daktari William Withering aliiandikia kitabu 1785 kama dawa ya moyo, kwa dozi sahihi inasaidia na ikizidi kidogo inausimamisha.

Majani ya mpera kwa kuendesha, ndio, ni tiba ya zamani na ina mantiki yake, yana tanini, kemikali zinazokaza utumbo. Ila anayeendesha anauawa na kuishiwa maji, kwahiyo cha kwanza ni maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kufuta na chumvi nusu kijiko cha chai cha kufuta, hiyo ndo anakunywa kidogo kidogo, mpera uje baada ya hapo. Mtoto mdogo au damu kwenye choo usikae nyumbani. Kujifukiza nako, majani ya mkalitusi kwenye sufuria ya maji ya moto na shuka juu ya kichwa, mtu mzima akiwa makini hamna neno, mtoto hapana, watoto wengi wanaungua kwa kumwagikiwa na hayo maji. Mafuta ya mkalitusi hayanywewi, hata kijiko kimoja kwa mtoto ni hatari. Mafuta ya mwarobaini vilevile, watoto wadogo waliponyweshwa wamepata degedege na wengine kufa. Hayo weka kwenye maji na sabuni kidogo upulizie wadudu wa bustani, kazi hiyo yanaiweza sana, yanavuruga ukuaji wa mdudu anashindwa kujivua ganda.

Kama unatumia dawa za hospitali za kila siku, presha, sukari, ARV, za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari wako unachokunywa, usione aibu. Mlonge na mshubiri vinaweza kushusha sukari juu ya dawa yako ikashuka kupita kiasi, kitunguu saumu na tangawizi kwa wingi vinachelewesha damu kuganda na kabla ya upasuaji ni lazima wajue. Na ua la St. John's wort linalosifiwa kwa huzuni linapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV, hilo limethibitishwa.

Kukausha: kivulini, penye hewa, tandaza kwa tabaka moja, usianike juani hata kama una haraka. Jani limekauka pale likivunjika badala ya kujikunja, lile la kujikunja ukilifungia kwenye chupa linaota ukungu. Usilisage mpaka siku ya kutumia. Chupa ya kioo, kabatini gizani mbali na jiko, na ubandike karatasi yenye jina, sehemu ya mmea na mwezi uliovuna. Majani yanakaa kama mwaka, mizizi zaidi kidogo. Ile chupa ya majani meusi ambayo hakuna hata anayekumbuka ni ya nini, hiyo peleka kwenye mboji leo.